Subira Waliyonisifia

Malindi, Jumamosi baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Zile salamu za kutumaini barua itakukuta salama nimeziacha, kwa sababu najua fika u salama. Uko hapo uani, wapiga pasi magauni ya chuo kwa mara ya pili, na makaa nayasikia yakilia ndani ya pasi. Kati yetu pana ukuta mmoja tu. Mtu mwenye akili zake angeinuka, akatoka nje, akasema alilonalo. Lakini sisi wawili tukikaa uso kwa uso hugeuka wanawake wa adabu. Mimi husema, "Umekula?" Nawe husema, "Nimekula." Basi, mazungumzo yamekwisha, kila mtu na lake.

Ya kukuusia juu ya sanduku, na sala, na wanaume wanaoita watu dada, nimewaachia shangazi zako. Tangu Alhamisi wamekuwa wakija kwa zamu. Bi Mwanaidi amekuusia hata juu ya baridi ya bara, yeye ambaye mwisho wa safari zake ni Mambrui. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja naliona zito.

Juzi rafiki zako walipokuja kukuaga, wakalia mabegani mwako, nilikuwa mlangoni na sahani ya mahamri. Wewe ulisimama unawapigapiga mgongoni kama mtu achekechaye unga. Uso wako mkavu. Bi Mwanaidi akasema kwa sauti, "Mashallah! Huyu subira amerithi kwa mamake." Wote wakaitikia. Nami sahani ikanilemea, nikaiweka chini.

Hiyo siyo subira, mwanangu. Naijua. Nimekaa nayo nyumba moja, najua hata inavyokoroma. Na kesho wataka kupanda nayo basi.

Itanibidi nianzie asubuhi ile. Ulikuwapo, lakini hatujapata kuizungumza hata siku moja, kwa hiyo nitasimulia kama kwamba hukuwapo, uniwie radhi.

Ilikuwa masika, nawe uko darasa la sita. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya mawe na udongo, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka kuta zimevimba. Babako alikuwa amerudi kutoka kuswali alfajiri. Amesimama karibu na ukuta akikamua pindo la kanzu, ananitania kwamba chai yangu nyepesi hata mtu aweza kuitawadhia. Mimi nimechuchumaa kwenye jiko. Wewe uko mlangoni, wafunga vitabu ndani ya mfuko wa nailoni visirowe. Nikasikia mlio kama wa nazi inayopasuliwa. Nikainua mkono wa kulia. Sijui nilidhani nitaizuia nyumba kwa mkono mmoja. Ukuta ukaja wote.

Babako akasema, "Zainabu, usiondoke hapo." Nami mkono uko chini ya mawe mpaka begani, niondoke niende wapi? Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo kinywani. Sikulitoa, naye hakusema tena.

Majirani waliponitoa walinilaza juu ya mlango uliong'oka, wakanibeba. Hapo ndipo nilipokuona. Umesimama uani na mfuko wako, matope yamekufika magotini. Ukaniuliza, "Mama, leo niende shule?" Nami nikakujibu, "Nenda." Ukaenda. Adhuhuri ndipo mjomba wako Athmani alipokukuta darasani, umekaa dawati lako wafanya hesabu, akakuleta umtazame babako kabla hajasitiriwa. Mwalimu alimwambia kwamba hesabu zote umezipata. Watu walilisimulia hilo kama habari njema.

Eda nilikaa kwa nyanya yako, mkono umefungwa plasta. Wanawake waliingia wakalia, wakatoka, wakaingia wengine. Mimi natazama mkeka. Kila aingiaye alisema nina subira, nami, nikwambie kweli, nikaanza kuamini. Nilijiona mtu wa dini sana. Maishani mwangu sikuwa nimesifiwa na watu wengi namna ile isipokuwa kwa pilau.

Kumbe hapakuwa na subira yoyote. Sikuwa nasikia kitu. Toka mabegani kwenda chini, mwili ulikuwa kama nguo ya kuazima. Chakula nilikula kwa sababu kiliwekwa mbele yangu. Nikioga, maji nayaona yakinipita, lakini kama ni ya moto au ya baridi siwezi kusema. Nyanya yako huuliza kutoka nje, "Maji yamekufaa?" Nami, "Yamenifaa." Usiku ulikuwa sawa na mchana. Uchungu ule watu walioniambia niuvumilie, niliutafuta, sikuuona. Ilikuwa kama kukaa chumba ambacho fanicha zote zimetolewa.

Eda haikuwa na kosa, usinisikie vibaya. Eda ni stara. Kosa ni kwamba nilikaa kimya, na kimya changu kikawapendeza watu, nami nikapenda kuwapendeza.

Nilipotoka, sifa zangu zilikuwa zimenitangulia. Nikawa naitwa misibani. Ndiyo, cheka tu. Kama wanavyoitwa wapiga dufu kwenye maulidi, mamako akaitwa matangani aje akae, aonekane. Siku moja nikachukuliwa hadi Mambrui kwa msichana aliyefiwa na mtoto mchanga. Alikuwa akilia kwa sauti, amejishika tumbo, anayumba. Nikaketishwa kando yake. Shangazi yake akamwambia, "Mtazame Bi Zainabu. Nyumba imemuua mumewe na yeye mwenyewe imemvunja mkono, na chozi hakutoa. Na wewe je?" Yule msichana akanigeukia. Aliniona, mwanangu. Sijui aliona nini, lakini kwikwi ikamkatikia katikati, akanyamaza. Wenyewe wakashukuru sana. Wakanifungia tende. Nilizila njiani zote, wala sikujua kama ni tamu.

Msichana yule simjui jina. Nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyomfikiria babako, na hilo nalo ni la ajabu.

Sasa nikupe la kuchekesha kidogo, maana barua yenyewe imekuwa nzito kama sima ya jana. Harusi ya kwanza niliyoipikia baada ya eda ilikuwa hapa mtaani Shela. Mkono wa kulia plasta imetolewa, mfupa umeunga, lakini mkono wenyewe ulibaki umekunjika kifuani kama wa mtu aliyebeba mtoto. Nikakoroga kwa wa kushoto. Nikatia chumvi, nikaonja kiganjani, hamna. Nikaongeza, nikaonja, hamna. Mwanakombo, msaidizi wangu, akasema, "Bi Zainabu, chumvi umeshatia." Nikamwambia, "Nyamaza. Wewe ulizaliwa mimi nikiwa jikoni." Nikaongeza tena.

Sahani zilipotoka, zikaingia chumba cha wanaume. Kisha tukasikia wakiita maji. Kisha wakaita tena. Amu yake bwana harusi alitoka mwenyewe na jagi hadi kisimani. Na hakuna aliyenigombeza! Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Kila mtu alikula kidogo, akanitazama kwa huruma, akasema, "Maskini, mfiwa." Isipokuwa Bi Hawa, wajua mwenyewe ulimi wake. Akaja mpaka jikoni na sahani yake mkononi.

"Zainabu, hii pilau umeipika hapa au umeichota kule Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi?"

"Nisamehe, Bi Hawa."

"Sikusamehe. Onja."

Nikaonja mbele yake. Nikatafuna, nikameza.

"Wasikia nini?"

"Wali," nikasema.

Akaitua sahani yake. Kisha akaniwekea mkono shavuni, yule bibi ambaye sijapata kumwona akimshika mtu, akasema, "Mwanangu, wewe huna subira. Wewe hupo."

Wiki ile ile nikapanda gari la Kilifi. Daktari wa mifupa alikuwa ameniandikia niende nikatazamwe mkono, nami nilikuwa nimeidharau ile karatasi. Hospitalini nikaingizwa kwa muuguzi mmoja, Sista Kadzo, mwenyeji wa Ganze, mdogo kwangu kwa mbali. Alikuwa amesomea ng'ambo mambo ya watu waliopatwa na mshtuko, akafanya kazi pamoja na wale wanaonyoosha viungo vya wagonjwa.

"Shikamoo, mama. Mkono una nini?"

"Marahaba. Mkono hauna kitu, sista. Umelala tu."

"Na mwenye mkono?"

"Mwenye mkono ana subira."

Hakusema mashallah. Akavuta kiti. "Sasa hivi hapo ulipoketi, mwilini wasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Vizuri. Huko kutosikia kunaanzia wapi?"

Nikadhani sista ndiye mgonjwa. Lakini nimefundishwa adabu, mtu akiuliza hujibiwa, basi nikajitafuta. Kunaanzia hapa, nikamwonyesha, chini ya shingo. Kuna uzito? Kuna. Kama wa nini? Nikafikiri. Kama koti lililorowa. Akaitikia kwa kichwa kama kwamba nimemwambia jambo la maana, na ajabu ni kwamba nilipolisema lile koti, nililisikia. Kutosikia kwenyewe nilikusikia. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo.

Ukuta hakuniuliza siku ile. Nami nilikwenda tayari kuusimulia, nimeupanga kama mashairi, maana nilikuwa nimeshausimulia misibani mara nyingi. Nikianza tu, "Ilikuwa masika," yeye hunikata, "Subiri, mama. Miguu iko wapi?" Iko chini. "Sakafu ikoje?" Ni saruji. "Nimeuliza ikoje, sikuuliza imejengwa kwa nini." Ni baridi, sista. "Haya. Endelea kidogo." Nikiendelea, sauti ikianza kukimbia, hunirudisha tena kwenye miguu. Nilikuwa nikirudi Malindi nimechoka kama niliyetwanga mpunga, na kazi niliyofanya ni kukaa juu ya kiti na kutazama vidole vyangu. Nyanya yako aliponiuliza dawa gani nimepewa, niliona haya kumwambia nimepewa sakafu.

Halafu siku moja akauliza, "Asubuhi ile mkono ulitaka kufanya nini?"

"Kusukuma."

"Ulisukuma?"

"Haukuwahi."

Akachukua godoro dogo akalisimamisha ukutani, akaliegemea kwa bega lake. "Basi usukume sasa. Polepole sana. Ukitaka kuacha, waacha."

Nikasimama mbele ya godoro kama mbuzi mbele ya lango. Mkono ulishuka kutoka kifuani taratibu, mimi nikiutazama kama wa mtu mwingine. Kiganja kikagusa. Nikasukuma. Hakuna kilichotokea. Nikasukuma tena, na magoti yakaanza. Yakatetemeka, kisha mapaja, kisha taya, meno yakagongana. Nikasema, "Sista, naanguka." Akasema, "Huanguki, nimekushika. Acha utetemeke. Umepata kumwona kuku aliyemponyoka mwewe? Husimama akatetemeka, akajikung'uta manyoya, ndipo akarudi kudonoa. Wewe ulitolewa kwenye mawe ukalazwa juu ya mlango, kisha ukakaa mkekani. Kujikung'uta ulijikung'uta lini?"

Ungependa nikwambie kwamba hapo nilimlilia babako. Sikulia. Nilichosikia, nikuambie kitu cha kwanza kabisa mamako alichosikia baada ya muda wote ule? Mkojo. Nilibanwa na mkojo vibaya sana, nikamkimbia sista na godoro lake. Nikiwa njiani nikasikia goti linaniuma, na ushungi wangu unanuka moshi, na nina njaa. Mwili ulirudi na takataka zake zote.

Na haukurudi siku moja ukakaa. Ulikuja ukaenda. Kuna majuma yaliyokuwa mabaya kuliko yale ya koti; mvua ikidondoka batini moyo ulinienda mbio, nikakimbilia uani na ungo kichwani. Sista alisema hiyo nayo ni njia, twende polepole, tusiivunje. Kulia nililia baadaye sana, mchana mweupe, nikimenya vitunguu, hata sikuweza kujua mara moja ni vitunguu au ni mimi.

Siku niliyoungua utaikumbuka. Nilishika kifuniko cha sufuria, kikanichoma, nikapiga ukelele "Uuwi!" kisha nikacheka, nikaita majirani, "Nimeungua! Nimeungua!" kama mtu aliyepata barua ya kazi. Ulikuja mbio. Ukanishika kidole, ukakipuliza, ukauliza, "Yauma?" Nikasema, "Yauma sana, alhamdulillahi." Ukanitazama kidogo, ukarudi kwenye vitabu vyako.

Hapo ndipo nilipokuona vizuri, maana kabla ya hapo sikuwa na macho ya kukuonea. Ulikuwa ukiamka, ukienda shule, ukiwa wa kwanza darasani. Mtoto mtulivu, kila mwalimu akasema. Kisha ikawa ile siku ya msumari. Ulitembea nao mguuni kutoka shule mpaka nyumbani, na tulijua kwa sababu ya damu sakafuni, si kwa sababu yako. Mjomba wako akakuita jasiri. Nikakuuliza, "Hukusikia?" Ukasema, "Nilidhani ni kijiwe." Mwanangu, kile hakikuwa kijiwe.

Nilikupeleka Kilifi, utakumbuka na hilo. Sista alikusalimu, akakuuliza wasikia nini, ukasema, "Mimi sina kitu," kwa adabu kabisa, mikono mapajani. Nilimjua mtu huyo. Nilikuwa nimemwona kwenye kioo. Nikataka kukuinua nikusukumishe godoro kwa nguvu. Sista akaniita pembeni akasema, "Mama, asilazimishwe. Mwili wake unamlinda kwa njia unayoijua. Atakuja siku atakayotaka mwenyewe." Nimengoja. Nimengoja kwa midomo iliyofungwa, ndiyo maana nauliza umekula.

Sasa umemaliza shule, waenda chuo kusomea ualimu ufundishe watoto wa watu, na ndani ya sanduku lako kila kitu kimekunjwa sawasawa. Sikwambii kwamba utapona. Mimi mwenyewe sijapona yote. Ngozi ya mkono huu toka kiwiko hadi kifundo bado si yangu, nikiigusa ni kama kugusa mkono wa mgeni. Hata sasa nikikuandikia, kifua kimelala. Naona herufi zinatoka, na najua kwa akili kwamba mwanangu wa pekee aondoka kesho, lakini habari haijafika chini. Labda itafika Jumanne, nikiwa sokoni, na wauza samaki watashangaa. Zamani ningejivunia utulivu huu. Siku hizi huuketisha kitako nikauliza, wewe umeanzia wapi?

Ninachojua ni kidogo. Najua mwili ulifunga mlango kwa kukupenda, siyo kwa ubaya. Najua haufunguliwi kwa kusifiwa wala kwa kugombezwa. Na najua mtoto aliyeuliza aende shule alikuwa akiuliza jambo jingine, nami nikamjibu la shule. Jibu lilikuwa, "Njoo hapa." Nimechelewa nalo miaka, lakini ndilo.

Kesho stendi watakuwapo wote: Bi Mwanaidi, jirani zetu, labda na Bi Hawa. Watakusifu tena. Nitakushika mkono mbele yao, na nitaubana hasa, maana nguvu za kukoroga masufuria bado ninazo. Ukiusikia, hewala, panda uende. Usipousikia, usinitabasamie. Niambie tu, hata kwa kunong'ona, "Mama, sisikii." Hapo nitamwambia taniboi wa basi ashushe sanduku. Bi Mwanaidi atajishika kichwa, abiria watanung'unika, na basi liende zake. Chuo kitakuwapo Jumatatu, na Jumanne kitakuwapo. Mimi na wewe tutakaa pale pale juu ya sanduku, katikati ya watu, na subira hatutakuwa nayo hata chembe.

Mamako,
Zainabu